Uzi Kutoka Mpanda Hadi Mwanza

Siku tuliyomaliza msiba wa baba, binti wa kaka yangu alikuja kukaa karibu yangu kwenye mkeka, simu mkononi, akaniuliza kwa nini nijitese tena na basi. Mimi naishi Mwanza, nimeolewa huko na kazi yangu iko huko, na kuja Kabungu kumzika baba nilikuwa nimefika miguu imevimba. Mtoto alinionea huruma. "Shangazi, mbona kwa ndege ni karibu," akasema. "Ona hapa. Uwanja wa Mpanda hadi uwanja wa Mwanza ni kilometa mia nne themanini hivi. Saa moja umeshafika." Akanionyesha ramani, na juu yake mstari mwekundu ulionyooka kutoka huku hadi kule bila kugusa kitu.

Nikamwambia haya, nitafutie tiketi. Akatafuta, akatafuta tena. Hakuona ndege hata moja inayofuata ule mstari. Ilibidi nipande kwanza ya kwenda Dar es Salaam, nisubiri huko, ndipo nipate nyingine ya kunipandisha Mwanza. "Sasa hii saa moja wameipata wapi?" akauliza, amekasirika kidogo, kama mtu aliyeuziwa kitu kibovu.

Rafiki yangu, wewe uliyekulia pande hizi utanielewa. Kuna maneno ukiyasikia unaondoka pale ulipokaa. Mimi nilikuwa nimesharudi darasa la nne, nimesimama kati ya baba na mwalimu wangu, nageuza maneno ya huyu kwenda kwa yule, na swali lilikuwa ni hilo hilo.

Sisi tulikuja Katavi kwa miguu, nyuma ya ng'ombe. Kwetu ni Usukuma, upande wa Kwimba, ambako malisho yalikuwa yamekwisha na kila aliyetoka kusini alisema huko nyasi zinamfika mtu kifuani. Nilikuwa mdogo, ila si mdogo wa kusahau. Nakumbuka vumbi la asubuhi na kengele ya dume lililotangulia, ambayo tuliizoea hata ikinyamaza usiku tunaamka. Nakumbuka mama, sufuria kichwani na mdogo wangu mgongoni. Tulikula michembe, yale mapande ya viazi vitamu yaliyokaushwa juani. Mama aliyachemsha na karanga za kutwanga, na harufu yake ilituleta sote motoni kabla hatujaitwa. Maziwa tuliyabeba kwenye kibuyu, na mwendo wenyewe uliyasukasuka, hivyo jioni siagi ilikuwa tayari bila mtu kuihangaikia.

Bibi, mama yake baba, hakuja. Alisema miguu yake imeshatembea sehemu yake. Alisimama mlangoni akatuambia, "Nendeni, lakini msininyime habari." Kisha akaingia ndani kabla ng'ombe hawajamaliza kupita, kwa sababu hakupenda kuona mgongo wa mtu anayemwacha.

Baba alikuwa na msemo wake kwamba njia huijui mpaka umelala juu yake. Ile ya kwetu aliijua kwa mahali tulipolala na mahali ng'ombe walipokunywa. Nzega, Tabora, Sikonge, Ipole, halafu msitu wa Koga, na katikati ya hayo majina yanayoandikwa kulikuwa na mengine mengi ya visima na mabwawa ambayo yalikaa kichwani mwake tu. Tulitoka mahindi yakiwa yamevunwa. Tulifika watu wakiwa wanapanda.

Huko Koga mbung'o walikuwa wengi kupita kiasi. Ng'ombe walianza kukonda na kubaki nyuma, na mdogo wangu akashikwa na homa. Hakukuwa na zahanati mbele yetu wala nyuma yetu. Mama alimkanda kwa maji ya kisima, akambeba kutwa nzima bila kumshusha, na jioni alipofungua khanga mtoto alikuwa ameshafia mgongoni. Alikwisha lini, mama hakujua, na hilo ndilo lililomtafuna kuliko yote. Baba alichimba kwa jembe letu la kulimia. Akatia alama ya shoka kwenye mninga uliokuwa jirani. Asubuhi tukaswaga ng'ombe tukaondoka, maana ng'ombe hawakai matanga. Tangu hapo, nyumbani kwetu mahali pale palikuwa na jina moja tu: pale. "Hii ilikuwa kabla ya pale," mama angesema, au "wewe ulianza kuchunga baada ya pale," na hakuna aliyeuliza wapi.

Kabungu ilitupokea vizuri. Wenyeji walikuwa watu wapole, Wabende kwa sehemu kubwa, nasi tulijifunza kwao kula majani tusiyoyajua na kungoja uyoga wa mvua za kwanza. Asubuhi nilikamua mbuzi kabla ya shule, na mikono ilinuka maziwa hadi kipindi cha pili. Mchana wa kiangazi ulikuwa kimya mpaka unasikia maganda ya miti yakipasuka msituni, na mara moja moja ndege ndogo ilipita juu ikielekea Mpanda. Watoto tuliikimbilia huku tunapunga mikono hadi ilipopotea. Baba aliiangalia pia. Alikuwa akisema yule aliye mle ndani hajui hata kwamba huku chini kuna vumbi.

Shuleni tulikuwa na mwalimu wa jiografia, Mfipa mrefu, mpole, aliyekuwa na ramani moja iliyotundikwa kwenye msumari. Alitufundisha kupima umbali kwa uzi. Alichukua uzi mweusi wa cherehani ya mke wake, akauweka toka mji huu hadi ule, akaubana kwa kucha, halafu akaushusha kwenye kile kipimo cha chini ya ramani. Baada ya hapo tukagawanya kwa mwendo wa ndege. Sisi, ambao wengine hata gari hatukuwahi kupanda, tulijua kutoka uwanja wa Dodoma hadi uwanja wa Bukoba ni muda gani angani. Ilikuwa hesabu tamu kuliko zote. Tulibishana njiani kurudi nyumbani nani amefika mbali zaidi siku hiyo.

Halafu masika moja, mvua zilipokuwa zimekata reli na barabara imekuwa tope tupu, akaja jamaa wa ukoo wetu, mchuuzi wa ng'ombe, amechoka hana hata sauti. Alikuwa amekaa njiani muda mrefu, mahali pengine kwa lori, pengine kwa baiskeli, pengine kwa miguu. Alisema bibi amelala. Hali chakula, na anamtaja baba kila saa, anauliza kama ameshafika.

Kesho yake, vipindi vilipokwisha, nikamwona anaingia darasani kwetu amevaa koti lake la mnadani. Akaketi kwenye dawati la darasa la nne, magoti yakimfika kifuani, kofia mkononi. Kiswahili chake kilikuwa cha mnadani vilevile, cha bei na salamu. Mambo mazito yalipitia kwangu.

"Mayu," akaniita, kama wazee wa Kisukuma wanavyowaita binti zao, "mwambie mwalimu nataka kujua kama nikipata ndege nitamkuta mama yangu."

Nikamgeukia mwalimu. "Anauliza kwa ndege ni muda gani hadi Mwanza."

Mwalimu alifurahi kuulizwa. Akatoa uzi, akaunyoosha toka Mpanda hadi Mwanza, akaushusha kwenye kipimo, akaandika ubaoni. "Mzee, ni kama kilometa mia nne themanini. Ndege kubwa ni saa moja. Hizi ndogo zinazokuja huku, weka saa moja na nusu, hali ya hewa ikiwa nzuri."

Nikageuza. Baba akaniambia nirudie, nikarudia. Akafikiri. "Ni muda wa kupeleka ng'ombe kunywa na kurudi?" Nikamwambia ndiyo, ni kama hivyo. Akautazama ule uzi mpaka mwalimu akaniuliza kwa macho kama kuna kosa.

Halafu baba akainuka akaenda kwenye ramani. Kusoma hakujua, lakini alimwomba mwalimu amwonyeshe Tabora, na kutoka hapo akaanza kusema njia yetu, kituo kwa kituo, na mwalimu akawa anaulaza uzi mwingine kufuata maneno yake. Ulipinda kufuata maji, ukarudi nyuma mahali tulipozuiwa, ukakwepa mashamba ya watu. Uzi ukaisha, mwalimu akaunga. Walipofika kusini ya Ipole, kwenye rangi ya kijani isiyo na maandishi, baba akaweka kidole.

"Hapa."

"Hapo hapana jina, mzee," mwalimu akasema.

Hilo sikuligeuza. Alikuwa ameelewa. "Najua," akasema kwa Kiswahili. Kisha akanirudia kwa lugha yetu. "Muulize, hiyo ndege inapita juu ya hapa?"

Mwalimu akaushika tena ule uzi wa kwanza, ulionyooka. Kati ya nyuzi mbili palikuwa na nafasi pana kama kiganja. Angeweza kusema inapita. Nani angejua? Lakini alikuwa mwalimu. "Hapana, mzee. Inapita huku magharibi. Ni mbali kidogo na hapo."

Nikageuza. Baba akatikisa kichwa. "Hata ningekaa dirishani," akasema polepole, na hakumalizia. Mwalimu akaniuliza kuna nini pale. Nikamwambia mdogo wangu yuko hapo. Akaanza kuukunja uzi kwenye kidole, akaukunja na kuukunja, na sikumbuki kama alituaga.

Hata hivyo baba aliamua kwenda. Aliuza madume mawili kwa haraka. Jirani yetu alikuwa mlinzi kwenye uwanja wa ndege wa Mpanda, mzee mcheshi mwenye filimbi ya kufukuzia mbuzi, na ndiye aliyemwambia kwamba ndege nyingine huja bila taarifa, kwamba rubani akiwa na nafasi na akiombwa vizuri huchukua mtu. Mama alijaza mfuko wa michembe na karanga za kukaanga kwa ajili ya bibi. Nami nilipakiwa nyuma ya baiskeli, kwa sababu baba alihitaji mdomo wangu wa kuzungumza na rubani.

Uwanja wenyewe wakati ule ulikuwa changarawe na nyasi, hauna uzio, na watu wa mjini waliukatiza wakienda sokoni. Mvua ilikuwa imenyesha alfajiri. Udongo mwekundu ulinuka, na madimbwi yalikuwa yamejaa mawingu. "Nyie kaeni hapa kwenye banda," mlinzi akatuambia, "ikija mtaisikia kabla ya kuiona." Siku ya kwanza haikuja. Tulilala mtaa wa Shanwe kwa ndugu wa mlinzi, tukala ugali kwa dagaa, na baba akaamka kila mvua ilipogonga bati. Siku ya pili tukarudi bandani mapema.

Mlinzi alikuwa na redio ndogo aliyoitundika kwenye nguzo. Mchana ukafika wakati wa matangazo ya vifo. Unaikumbuka ile sauti, bila shaka, ule muziki wa taratibu halafu mtu anasoma majina ya marehemu na ya wafiwa, mji kwa mji. Nchi nzima ilinyamaza kusikiliza, kila mtu akiomba yasiwe yake. Mlinzi alikuwa ametoka kufukuza mbuzi. Tulikuwa wawili tu, mimi nikichora udongoni kwa kijiti, na ghafla redio ikataja jina la baba. Jina lake lote, na la babu, na la ukoo. Sikuwahi kulisikia likitamkwa na mgeni. Ikasema popote alipo, huko Mpanda, anaarifiwa.

Baba alilisikia jina lake. Mengine yalikuwa Kiswahili cha redio, cha haraka na kizito. Akanigeukia.

"Mayu, amesema nini?"

Nilikuwa na umri wa kuchota maji na kulea watoto wa majirani, lakini kwa hilo sikuwa na umri. Nilitafuta maneno ya Kisukuma ya kulizungusha, sikuyapata. Nikasema bibi amekufa.

"Wanatusubiri?"

"Hapana, baba. Ameshazikwa. Wamesema alizikwa mwezi uliopita."

Ukihesabu, na baadaye baba alihesabu, mama yake alizikwa wakati yule mchuuzi bado yuko njiani kutuletea habari kwamba anaumwa. Tulipokuwa tunanyoosha uzi darasani, alikuwa na siku nyingi kaburini. Hakuna ndege ambayo ingemkuta.

Mvumo ukasikika. Ndege ikazunguka mara moja juu ya mji, ikashuka, ikaja ikirusha maji ya madimbwi pande zote mbili. Nilitamani sana kuiona kwa karibu, na sasa ilikuwa hapo na sikuweza kuitazama. Mlinzi akaenda kuzungumza na rubani, kisha akaja mbio, filimbi ikirukaruka kifuani, uso wote unacheka.

"Mzee, bahati yako. Anapitia Mwanza. Nafasi iko moja, na huyu mtoto nitamrudisha mimi mwenyewe."

"Ya kwenda wapi?" baba akauliza.

"Mwanza, mzee. Si ulitaka Mwanza?"

Baba akamshika mkono kwa mikono yake miwili, akamshukuru, akaenda kuichukua baiskeli. Mlinzi akanitazama mimi, na mimi nikaonyesha redio. Hapo akaelewa, akavua kofia.

Tulirudi Kabungu tukishuka penye matope na kusukuma. Mama alitoka kutupokea. Akachukua ule mfuko wa michembe, akausikia uzito wake ni ule ule, akakaa chini pale pale uani.

Baba alinyoa nywele, akakaa ndani siku zake za msiba, akatoka kwenda kuchunga. Mwalimu alikuja kutoa pole na kilo ya sukari, wakakaa wote wawili kwenye vigoda, hawana lugha ya kutosha kati yao, nami sikuitwa kugeuza lolote. Tangu mwaka ule ndege ikipita baba hakuinua kichwa. Watoto walipopiga kelele aliwaacha. Usukuma hakurudi tena mpaka amekufa. Mama alipomwuliza kwa nini asiende hata kuliona kaburi, alisema, "Nikamwambie nini?"

Leo uwanja wa Mpanda una lami na uzio, na mbuzi hawapiti. Mlinzi alifariki zamani, mwalimu alistaafu akarudi Ufipa, nako nikasikia amefariki. Barabara ya Tabora nayo ni lami. Nilipokuwa nakuja msibani basi lilipita Koga mchana kweupe, nikaweka paji la uso kwenye kioo nikatazama kila mti, nikaona visiki, matanuri ya mkaa, nyumba mpya za bati, visiki tena. Mninga ni mbao nzuri, nani angeuacha? Nilimwomba kondakta asimamishe. Akauliza wapi hasa. Sikuwa na la kumwambia, basi likaendelea, na kabla sijajifuta macho tulikuwa Inyonga.

Ng'ombe pia hawapo. Waliuzwa mmoja mmoja wakati wa ugonjwa wa baba, na wa mwisho alichinjwa kwa ajili ya waombolezaji. Miti ya zizi kaka yangu ameshaanza kuichoma jikoni.

Jioni ile, baada ya kushindwa na tiketi, binti wa kaka yangu alipata wazo lingine. Alitaka tumrekodi bibi yake, yaani mama yangu, akitaja vituo vya safari yetu, vile visima na mabwawa, kabla havijasahauliwa. Tukamsogezea mama kiti, tukamfunika khanga mabegani. Alianza vizuri. Alitaja kimoja, akataja cha pili, akasema cha tatu kilikuwa na maji ya chumvi. Cha nne akataja kisima cha kijijini kwao alipokuwa msichana. Nikamrekebisha taratibu, nikamwambia hapana mama, tuko kusini ya Tabora. Akakubali, akafunga macho kutafuta. Tulisubiri. Simu iliendelea kurekodi ukimya, jogoo wa jirani, mtu anapasua kuni.

Mama akafungua macho, akatazama nje ambako jua lilikuwa linazama.

"Baba yenu kachelewa na ng'ombe leo," akasema. "Mmoja wenu amtazame njiani."

Binti wa kaka yangu akanitazama. Nikanyoosha mkono nikaizima simu yake, kisha nikainuka, nikatoka, nikasimama barabarani kwa muda ambao mama angeuona unatosha.